Tusimsingizie Mungu Vifo vya Watoto Hawa



Sisi makasisi tumeitwa usiku, na si mara moja, kwenda zahanati kumbatiza mtoto mchanga aliyezaliwa utumbo ukiwa nje ya tumbo. Tumemkuta amefunikwa khanga kavu, mwili umeanza kupoa, hana dripu, na hakuna gari. Mama yake, binti ambaye bado hajatimiza miaka 20, ameugeuzia uso wake ukutani. Tumemimina maji, tumesali. Kisha mzee wa familia akatamka: "Ni mapenzi ya Mungu." Nasi tukanyamaza. Kwa kunyamaza huko tumekosa, na leo tunaungama. Maneno yale hayakuwa kweli.

Ukweli ni upi? Ugonjwa huu, ambao waganga huuita gastroskisisi, ni tundu dogo kandokando ya kitovu, ambalo halikuzibika mtoto alipokuwa tumboni. Utumbo hupitia hapo ukatoka nje. Ni ugonjwa wa nadra, na huonekana zaidi kwa watoto wa akina mama wenye umri mdogo. Mara nyingi moyo wa mtoto ni mzima, ubongo wake ni mzima, na viungo vyake vyote ni vizima. Anachohitaji ni kurudishiwa utumbo ndani polepole kwa siku chache, tumbo lifungwe, kisha alishwe kwa mishipa mpaka utumbo uanze kufanya kazi. Mtoto huyo anaweza kukua, akasoma, akaoa au akaolewa.

Mwaka 2021 jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa utafiti uliofanyika katika hospitali 264 za nchi 74. Katika nchi tajiri, kati ya watoto 100 wenye ugonjwa huu, alikufa mmoja au wawili. Katika nchi za kipato cha chini walikufa 90. Katika nchi za kipato cha kati walikufa kama 32. Tanzania ilihesabiwa katika kundi hilo la kati mwaka 2020, lakini asijitulize mtu kwa jina la kundi: mtoto haponi kwa jina. Ugonjwa ni uleule, tundu ni lilelile. Je, Mungu anapenda watoto wa Ulaya waishi na wa kwetu wafe? Anayesema hivyo anamtukana Mungu. Tofauti hii imetengenezwa na wanadamu, na jina lake ni dhulma.

Wako wanaomgeuzia mama lawama: amevunja mwiko, amerogwa, ametenda dhambi. Wako na wanaume wanaofunga mizigo yao wakaondoka. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe. Mkristo anayeliuliza tena mbele ya kitanda cha mzazi amekaa upande usio wa Kristo.

Wako pia wenye hekima ya hesabu. Wanasema nchi maskini haiwezi kuwagharimia wachache hali malaria inaua wengi. Tunawajibu hivi. Kwanza, uhai haupimwi kwa mizani ya sokoni. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inatambua haki ya kuishi ya kila mtu, si ya walio wengi peke yao. Pili, hatua za mwanzo si za gharama kubwa: kuuingiza utumbo katika mfuko safi wa plastiki usikauke, kumtia mtoto joto, kutomnyonyesha kwanza, kumwekea mpira wa puani na dripu, na kumsafirisha mapema. Tatu, wodi ya watoto wachanga yenye joto, dripu na wauguzi wa kutosha humwokoa pia mtoto njiti na mtoto mwenye homa. Tukimjengea huyu mmoja, tumewajengea wengi.

Basi tunadai. Tunaidai Serikali: sera imewaondolea ada watoto walio chini ya miaka mitano, lakini msamaha wa ada haumfai kitu mzazi anayetumwa dukani kununua dripu. Kila zahanati ifundishwe hatua hizo za mwanzo, na kila hospitali ya rufaa iwe na vifaa vya kumpokea mtoto huyu. Tunazidai hospitali zetu wenyewe za Kanisa: msiweke amana ya fedha kati ya mtoto anayepoa na mlango wa wodi. Haiwezekani tuhubiri uhai altareni na kuuza foleni dirishani.

Tunawadai nanyi, viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogondogo. Kila familia ijue namba 115 ya mfumo wa m-mama, ambayo hupigwa bila malipo ili kuwasafirisha wajawazito, wazazi na watoto wachanga wakati wa dharura. Jumuiya iweke mfuko wa nauli na chakula, kwa sababu mama atakaa hospitalini majuma mengi. Mume aliyekimbia atafutwe, aonywe kidugu, arudishwe.

Kuhusu Ubatizo, mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kuchelewa. Ni haki yake. Lakini Ubatizo si kibali cha kumwacha afe. Mkono unaomimina maji na uwe pia mkono unaotafuta gari.

Siku tutakapokuwa tumemfunika vema, tumemtia joto, tumemfikisha mapema na kumtibu kwa uwezo wote, naye akafa, hapo tutalia pamoja na mama yake na kumkabidhi mikononi mwa Mungu. Kabla ya hapo, tusimsingizie.