Usalama wa ndege Bukoba uanzie ziwani

Naomba nafasi katika gazeti letu ili nami nitoe maoni yangu machache juu ya usafiri wa ndege katika mkoa wetu wa Kagera. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria. Sina utaalamu wa ndege, wala si nia yangu kumnyooshea mtu kidole. Lakini yapo mambo ambayo mtaalamu huyaona kwa vipimo vyake, na mwananchi wa kawaida huyaona kwa kuwa anaishi hapo hapo.

Kagera ni mkoa wa pembeni kabisa, kaskazini magharibi mwa nchi yetu. Kutoka Dar es Salaam mpaka Bukoba kwa barabara ni takribani kilomita 1,400. Kwa hiyo ndege kwetu si anasa ya matajiri, kama wengine wanavyodhani. Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili huihitaji, na mtumishi anayeitwa makao makuu huihitaji. Hata mkulima ambaye hajawahi kuipanda atafurahi siku mwanawe atakapowahi mazishi ya baba yake.

Wasomaji watakumbuka yaliyotokea Jumapili, tarehe 6 Novemba, 2022. Ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani asubuhi ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ndani yake mlikuwa na watu 43. Waliofariki ni 19, wakiwamo marubani wote wawili, na waliotoka hai ni 24. Ndege hiyo haikuanguka katikati ya ziwa, bali karibu na uwanja, mahali ambapo watu waliosimama ufukweni waliweza kuiona mkia ukiwa juu ya maji.

Tangu hapo mazungumzo mengi yamekuwa juu ya ndege, rubani na mvua. Hayo ni ya lazima na yana wataalamu wake. Kwa maoni yangu lipo jambo jingine tunalolipita haraka. Ndege ile ilipogusa maji, ajali ya ndege ilikwisha na ajali ya majini ikaanza. Na katika ajali za majini, sisi watu wa ziwa hili tumekwisha kufundishwa somo lile lile zaidi ya mara moja.

Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua watu zaidi ya 800. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu 228 wakafariki. Katika ajali hiyo ya pili, fundi wa kivuko alipatikana akiwa hai ndani yake baada ya siku mbili. Jambo hilo latosha kutuonyesha kwamba chombo kikizama si kwamba kila aliyemo amekwisha kufa. Wapo wanaosubiri ndani. Anayewaua si maji peke yake, ni kuchelewa kwetu.

Sasa tuitazame ile asubuhi ya Bukoba. Waliofika kwanza ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Walipiga makasia, wakawapokea watu waliokuwa wakitoka mlangoni. Baadaye wananchi walishika kamba wakavuta ndege kuelekea nchi kavu. Kijana mmoja mvuvi alijitosa mpaka akalazwa hospitalini, na Serikali ikampongeza kwa kumpa fedha na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa haki yake. Lakini ripoti ya awali ya uchunguzi, iliyotolewa mwezi ule ule, ilieleza kwamba waokoaji wa majini walichelewa kufika na vifaa vyao vilikuwa na upungufu.

Hapa ndipo ninapoomba tufikiri pamoja. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa na hurudi asubuhi. Ndege ilianguka karibu saa tatu asubuhi, saa ambayo wavuvi wako ufukweni na mitumbwi yao. Je, kama ingeanguka saa nane mchana, wao wakiwa wamelala nyumbani? Ule haukuwa mpango wetu wa uokoaji, ilikuwa ni bahati. Bahati haiwekwi katika ratiba.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka lengo kwamba waokoaji wa uwanja waweze kufika sehemu yoyote ya njia ya kurukia ndege kwa muda usiozidi dakika 3. Shirika hilo hilo linataka uwanja ulio karibu na maji uwe na mpango wa kuwapata upesi waokoaji wenye ujuzi wa majini. Uwanja wa Bukoba uko kando kabisa ya ziwa. Gari la zimamoto, hata liwe jipya namna gani, likifika ufukweni safari yake imekwisha.

Naelewa kwamba upo mradi wa kituo cha kuratibu uokoaji wa ziwani huko Mwanza. Ni jambo jema sana. Lakini kutoka Mwanza mpaka Bukoba meli husafiri saa nyingi, na mtu aliyebanwa kwenye kiti chini ya maji hana hata nusu saa. Msaada wake ni lazima uwe hapa hapa.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, pawepo boti ya uokoaji karibu na uwanja, yenye mafuta, wapiga mbizi na mitungi iliyojaa hewa, kila saa ambayo ndege inatua au kuruka. Wananchi tuelezwe waziwazi ipo wapi na nani anaisimamia.

Pili, wavuvi wa mialo iliyo karibu na uwanja waandikishwe, wapewe mafunzo, kamba, vyuma vya kuvunjia na majaketi ya kuokolea, na wafanye mazoezi pamoja na zimamoto na polisi. Si haki kumsifu mvuvi baada ya msiba na kumsahau kabla yake.

Tatu, sisi abiria tujifunze subira. Anayeishi Bukoba anajua kwamba mvua na mawingu ya ziwa hutujia mara nyingi alfajiri na asubuhi. Rubani akikaa Mwanza mpaka mawingu yafunguke, au akigeuza njia, tusimnung'unikie. Saa mbili za kungoja si hasara. Anayekupeleka taratibu anakutakia kufika.

Nne, elimu ya uokoaji ifike shuleni na kwa abiria. Mwaka 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilianguka baharini karibu na Ngazija, na watu 125 kati ya 175 walikufa. Baadhi yao walijaza hewa majaketi yao wakiwa bado ndani, na maji yalipopanda yakawainua na kuwabana darini. Jaketi hujazwa hewa mtu akisha kutoka mlangoni. Ni sentensi moja tu, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuishika.

Ndugu Mhariri, juma lile la msiba mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini walivuta ndege kwa kamba?" Nilimjibu kwamba watu walitumia kile walichokuwa nacho. Hakuridhika. Akauliza tena, "Na siku nyingine watakuwa na nini?" Baba yake ni mvuvi. Swali hilo sikuweza kulijibu, nami nalileta kwa vyombo vinavyohusika ili vinisaidie kumjibu.



Mwalimu wa Kijijini,
Muleba, Kagera.