Mgonjwa wa akili akizidiwa usiku, tumpeleke wapi?

Kijana akichanganyikiwa saa nane za usiku hapa Pwani, sote twajua kinachofuata. Majirani huleta kamba. Sheikh huitwa. Kukicha, ikiwa bado anavunja vitu, huitwa polisi, akaishia seli pamoja na wezi. Hospitali huja mwisho, na hapo familia nyingi huelekezwa Port Reitz. Ukiwa Changamwe ni jirani. Ukiwa Lamu au Hola, ni safari ya mamia ya kilomita na mtu aliyefungwa mikono.

Rai yangu ni kuwa hospitali kuu ya kila kaunti iwe na chumba cha vitanda vichache, karibu na kitengo cha dharura, cha kumtuliza mgonjwa kama huyu siku mbili tatu za mwanzo. Wodi kubwa itasubiri.

Kwa nini ndani ya hospitali? Kwa sababu si kila anayesema peke yake ana maradhi ya akili. Malaria ikipanda kichwani, mtu huweweseka. Mwenye kisukari akishukiwa na sukari, hivyo hivyo. Mama aliyejifungua juzi aweza kuchanganyikiwa hata akamkana mwanawe. Mlevi wa miaka mingi akiacha pombe ghafla huweza kutetemeka, akaona watu wasiokuwepo, na asipotibiwa akafa. Haya hujulikana kwa kupima damu, joto na presha, na vipimo hivyo haviko kituo cha polisi.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani hakuna anayekataza. Asomewe kitandani, dripu ikiwa mkononi.

Chumba chenyewe hakihitaji maajabu. Muuguzi aliyefunzwa kuzungumza na mtu aliyepandwa na hasira bila kumpiga, dirisha ambalo mtu hawezi kurukia, kiti cha jamaa yake, na dawa. Haloperidol ni sindano ya zamani, si anasa.

Sheria nayo iko. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yalizipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi katika hospitali zao. Kisha Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kuwa kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Huyo, ambaye zamani angetolewa wodini akapelekwa kortini, sasa ni wa daktari. Daktari yupi, na katika chumba gani?

Tutaambiwa pesa hazipo. Lakini mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai, na kabla yake kaunti zalazimika kusikiliza maoni ya wananchi. Kwenye mikutano hiyo sisi huuliza barabara, basari na maji, jambo ambalo ni haki yetu. Safari hii asimame mtu aulize pia chumba hicho kimetengewa shilingi ngapi, na nani atakuwa zamu usiku.