'More better' si Kiingereza

Juma hili tuangalie kosa linalowapotezea wanafunzi wengi alama za insha, na linaloweza kumwaibisha anayeandika barua ya kuomba kazi: 'more better'.

Chanzo ni mazoea ya Kiswahili. Sisi husema 'mrefu zaidi', 'mzuri zaidi'; neno 'zaidi' halibagui. Kiingereza hubagua. Neno fupi la silabi moja huongezwa '-er': 'tall' huwa 'taller'. Neno refu hutanguliwa na 'more': 'more beautiful'. Ukitumia vyote viwili umelinganisha mara mbili. Nalo 'good' hubadilika kabisa: 'better', kisha 'best'. 'Bad' huwa 'worse', 'worst'.

'Kuliko' ni 'than'. Kilimanjaro una mita 5,895, Mlima Kenya 5,199. Basi: 'Kilimanjaro is higher than Mount Kenya.' Vikiwa vitatu au zaidi, tumia 'the' pamoja na '-est' au 'most': 'Kilimanjaro is the highest mountain in Africa.'

Mzazi, leo mezani muulize mwanao: katika nyumba hii, nani 'the tallest'? Akijibu kwa 'the most tallest', msomee tena ukurasa huu.