Kasungami: chai iliyolipwa mbele ya kunywa, makuta ni ya nani?

Katika kartiye Kasungami, komini Annexe ya mji wa Lubumbashi, chai ya asubuhi inalipwa kwa njia nyingi. Kuna mwenye kutoa franka mkononi. Kuna mwenye kutuma kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Kuna mwenye jina lake linaandikwa mu kaye, atalipa siku ya mshahara. Na kuna yule aliyeisha kulipa tangu jana: alitoa noti kubwa, mama muuza chai akakosa monnaie, akamwambia «Acha tu papa, kesho utakuya kunywa».

Huyu wa mwisho anaonekana ni mtu wa kawaida kabisa. Lakini kile alichobeba katika kichwa chake, bila karatasi, ni kitu ambacho katika miji mikubwa ya dunia kimekuwa biashara nzima. Huko wanakiita karte ya zawadi: unalipa leo, unapewa karte, utakunywa chai ao kahawa siku nyingine. Pembeni yake kuna pointi za mteja mwaminifu: ukinunua mara nyingi, kikombe kimoja kinakuja bure.

Swali ni lile lile, iwe New York ao Kasungami. Kati ya siku ya kulipa na siku ya kunywa, yale makuta ni ya nani?

Kwa nini hapa kwetu monnaie inakosekana

Inchi ya Kongo haina sarafu za chuma zinazotembea sokoni. Yote ni makaratasi, na noti ndogo za 50 na 100 zinapita mikono mingi mpaka zinachakaa, watu wanaanza kuzikataa. Dola nayo ina shida zake: yenye kupasuka hata kidogo, hakuna anayeitaka. Matokeo yake kila mkaaji anayajua. Dukani wanarudisha bonbon. Kwa mama wa chai wanarudisha maneno. Mahali pengine wanaandika kikaratasi, wanakiita «bon», na mteja anakitia mfukoni.

Kikaratasi hicho ni deni la muuzaji. Wengi hawakioni hivyo. Mteja anasema «niko na makuta yangu kwa mama fulani», sawa na mtu mwenye kompte ya banki. Lakini makuta yenyewe hayako pale tena. Yameisha kwenda kununua sukari, majani na makala ya kesho. Kilichobaki ni ahadi.

Kampuni ya Starbucks ya Marekani, inayouza kahawa na chai karibu dunia nzima, ilianza karte yake mwaka 2001. Leo makuta ambayo wateja wake wameweka ndani ya karte na simu bila kunywa bado yanapita dola bilioni 1.5. Kuna banki ndogo nyingi ambazo hazina akiba kama hiyo. Tena kampuni haiwalipi wateja faida hata senti moja juu ya makuta hayo. Na kila mwaka inahesabu sehemu moja, karibu dola milioni 200, kama pato lake, kwa sababu hesabu inaonyesha wateja hawatayatumia kamwe: mmoja amepoteza karte, mwingine amebakiza dola moja isiyotosha kikombe, mwingine amesahau tu. Si wizi, kanuni za uhasibu za kule zinaruhusu. Lakini ni vizuri kujua kwamba kusahau kwa mteja kuna bei, na kuna mtu anayeihesabu.

Mbasela haingoji kesho

Watu wa Katanga hawakungoja karte ili kujua zawadi ya mteja. Sokoni, ukinunua kipimo cha unga ao kundi la mboga, unaomba mbasela, na mama anaongeza kidogo juu. Kuna pia neno matabishi, linalojulikana Kongo nzima. Asili yake ni Kireno, «kuua mdudu»: ndiyo namna Wareno walivyoita kitu cha kwanza ambacho mtu anatia tumboni asubuhi. Angola mpaka leo neno hilo ni chakula cha asubuhi. Hapa kwetu limegeuka kuwa zawadi, nyongeza, na mara nyingine (wasomaji wanajua wapi) kitu cha kumpa mwenye kiti ili karatasi itembee.

Tofauti ya mbasela na pointi ni moja, nayo ni kubwa. Mbasela inaingia ndani ya kikapu saa ile ile. Mteja akiona ni kidogo, anaacha, anaenda kwa jirani. Pointi ni mbasela inayongojewa, na mwenye kuitoa ndiye anayeshika kalamu: leo vikombe 10, kesho anaweza kusema ni 15.

Wakenya waliona jambo hilo kwa macho yao. Kampuni ya simu Safaricom ilianzisha pointi za Bonga mwaka 2007. «Kubonga» katika Kiswahili cha vijana wa Nairobi ni kuongea. Kwa kila shilingi 10 unazotumia kwa simu, unapata pointi moja. Mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati wa Korona, kampuni ikaruhusu watu kulipa dukani kwa pointi hizo, na thamani ya pointi ikapanda kutoka senti 20 kufika senti 30. Basi mtu aliweza kununua mkate, sukari na majani ya chai kwa maneno aliyoongea miaka ya nyuma. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini hesabu iko wazi. Ili kupata kikombe cha chai cha shilingi 30, zilihitajika pointi 100, maana yake mtu alitumia shilingi 1,000 kwa simu. Zawadi ilikuwa 3 kwa 100. Kiisha mwaka 2022 kampuni ikatangaza kwamba pointi zenye kupita miaka mitatu zitakufa kuanzia mwezi wa 1 mwaka 2023. Watu wakapiga kelele, wakashitaki, mpango ukasimamishwa. Ile kelele ilionyesha kwamba wateja walikuwa wanaona pointi kama mali yao. Kampuni iliziona kama kitu inachoweza kuwekea mwisho.

Na hapa Kongo? Tunapo mfano wenye kuuma zaidi. Kuanzia mwezi wa 9 mwaka 2020, serkali ilikata ile taksi ya RAM ndani ya unité za simu: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ao 4G, dola 1 kwa simu ya 2G. Mtu alinunua unité asubuhi ili aite mtoto wake Likasi, kufika mchana anakuta zimepungua. Taksi hiyo ilileta mabishano mpaka bungeni, ikaondolewa mwaka 2022. Mbali na siasa, kitu kimoja kilionekana wazi: unité uliyolipia haikai kwako. Inakaa ndani ya mashini ya mwingine, na mwenye mashini anaweza kuagizwa kuikata.

Lubumbashi iliisha kuishi kwa «karte»

Wazee wa mji huu wangeweza kutoa somo kwa Starbucks. Kwa miaka mingi Union Minière, iliyoanza 1906, na nyuma yake Gécamines, haikulipa mfanyakazi kwa makuta peke yake. Kulikuwa mposho: unga na vyakula vingine kadiri ya ukubwa wa familia. Mwenye watoto wengi alibeba zaidi. Kulikuwa na kantini, na kulikuwa na mambo ambayo mtu aliyapata kwa sababu tu jina lake liko ndani ya kitabu cha kampuni. Ilikuwa ni mali ya kweli, familia zilikula na kushiba. Lakini ilikuwa mali inayokulika mahali pamoja tu. Huwezi kupeleka mposho yako kwa duka la Mgiriki ao la Mhindi ukasema «nipe kitambaa».

Halafu nyumba ikatikisika. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba karibu tani 476,000. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka. Kufika 1994, shaba ilikuwa imeanguka mpaka karibu tani 30,000. Mposho ikachelewa, ikapungua, ikakatika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Profesa wa historia Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu chenye kuita watu hao watoto walioachwa na baba yao. Mtu anayesikia leo kwamba «pointi zako ziko salama ndani ya sistemu» na anayekumbuka kantini, haitaji maelezo mengi.

Upande wa mama wa chai

Si vizuri kusema kila kitu kwa upande wa mteja. Mama wa Kasungami si kampuni, na zawadi inayomnufaisha kampuni inaweza kumwua yeye.

Tuchukue mfano. Kikombe ni franka 500, na kwa kila kikombe, ukitosha sukari, majani, maziwa ya unga, maji na makala, anabaki na 100. Akisema «kunywa 10, cha 11 ni bure», faida ya vikombe 10 ni franka 1,000, na kile cha bure kinamgharimu 400. Anabaki na 600. Karibu nusu ya faida yake imeenda kwa zawadi, na mteja anaona amepewa kitu kidogo tu. Kama mteja huyo angekuja hata bila zawadi, basi mama amejipokonya mwenyewe. Zawadi ya namna hii inafaa tu pale inapoleta mtu ambaye asingekuja, ao inapomzuia kuhamia kwa jirani. Wakati wa baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, foleni iko ndefu kila mahali, hakuna haja nayo.

Malipo ya mbele ni jambo lingine, nayo yanaweza kumsaidia kweli. Watu 20 wakimwachia franka 2,000 kila mmoja, ana 40,000 mkononi bila faida ya kulipa. Kwa mtu ambaye njia yake nyingine ni banque Lambert, huo ni mkopo mzuri kuliko yote ya mji. Atanunua sukari kwa fuko badala ya kipimo. Hatari inaanza siku mtoto anapougua, ao masomo inapofungua, na yale 40,000 yanakwenda huko. Asubuhi inayofuata wateja 20 wanakuja kunywa, haki yao, na mama anawasha makala, anapika, anatumikia, bila kuingiza hata franka moja. Siku ya tatu meza haionekani. Jirani wanasema amekimbia na makuta ya watu, kumbe ameishiwa tu mtaji.

Njia ya kuzuia hiyo si ngumu: kutenga makuta ya mbele ndani ya kopo lao, na kuchukua mle kila kikombe kinaponywewa. Wale wanaofahamu kazi ya papa carte wanajua mfano. Anapita kila siku, anachukua kiasi kilekile, anachora alama kwenye karte, na mwisho wa mwezi anarudisha yote isipokuwa siku moja iliyo yake. Mzuri anatenga. Mwenye kuchanganya makuta ya watu na ya nyumba yake, mwezi mmoja hatapita.

Franka ao vikombe?

Kuna jambo moja dogo ambalo wachache wanaliangalia: bon inaandikwa namna gani. Franka ya Kongo ilipoanza tarehe 30 Juni 1998, dola moja haikufika franka 2. Leo ni maelfu. Mwishoni mwa mwaka 2025 dola ilishuka kidogo mbele ya franka, watu wakashangaa, lakini mwendo wa miaka yote ulikuwa wa kupanda. Bon iliyoandikwa «franka 1,500» inapungua nguvu kila sukari inapopanda. Iliyoandikwa «vikombe 3» inabaki vikombe 3. Ya kwanza inamlinda muuzaji, ya pili inamlinda mteja. Kwa siku mbili tatu haina maana. Kwa mwezi mzima ina maana, na ni haki pande zote mbili zisikilizane mbele, si siku ya kugombana.

Kwa M-Pesa na ndugu zake hali ni tofauti. Inchi ina sheria namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya mifumo ya malipo, na makuta yaliyo ndani ya kompte ya simu mtu anaweza kuyatosha kwa ajenti, akaenda kunywa popote. Bonus za dakika na mega ambazo makampuni yanatoa haziko hivyo: hazitoki, na zina saa yake ya kufa. Mwenye kuchanganya hivyo viwili anaweza kujikuta amelala akijua ana kitu, anaamka kimefutika.

Mama wengi wa Kasungami wamepata dawa yao wenyewe kwa tatizo la monnaie, bila karte wala pointi. Wanauliza kwanza «uko na noti gani?», kabla ya kumimina chai. Wengine wanasikilizana na muuza mkate wa pembeni: mteja anakunywa huku, anakula kule, noti moja ya 1,000 inamaliza yote mawili, na wao wawili wanagawana jioni.