Waliozama Wana Majina

Februari, kwetu Songea, ni mwezi wa kutaja majina. Kila tarehe 27 tunawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na kizazi kipya kinapelekwa Mahenge, kwenye makumbusho, kujua ni kina nani waliolazwa pale. Toleo hili, linaloandaliwa hapa Bombambili, linaongeza tarehe nyingine katika mwezi huo: 12 Februari 1944.

Siku hiyo meli Khedive Ismail ilikuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Colombo. Iliundwa mwaka 1922 kuwa meli ya abiria ya Chile, ikiitwa Aconcagua. Vita vikaifanya chombo cha kusafirisha askari. Ilikuwa na watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, na pamoja nao walikuwamo mabaharia na wauguzi wanawake. Karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga kwa makombora ya majini, nayo ikazama kwa dakika mbili hivi. Kisha nyambizi ikajificha chini ya maji yale yale walimokuwa wakielea manusura. Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zikaitupia mabomu ya kulipukia majini huku watu wakiwa bado wanaogelea. Walikufa 1,297, wakaokoka 214.

Idadi hiyo haiko mbali na ya waliokufa katika Titanic mwaka 1912. Lakini abiria wa Titanic wanasimuliwa mmoja mmoja: kazi yake, daraja alilosafiria, mashua iliyomwokoa. Wapiga mizinga wetu wanatajwa kwa jumla. Majina yao yapo Nairobi, kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita, lakini jina la ukutani halisemi mtu alitoka kijiji gani, aliacha mke au mama, wala nani alikaa akimngoja.

Wapo watakaosema kwamba vile vilikuwa vita vya wakoloni. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii ni yetu. Waliowapeleka vitani wamekwisha kuandika habari za misafara na manowari zao. Habari za nyumbani kwa askari zitaandikwa na watu wa nyumbani, au zitapotea.

Wala si jambo la zamani tu. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, hesabu ya waliokufa ilibaki kuwa ya kubishaniwa, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Mwaka 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikiwa imepakia watu kupita kiasi ilichoruhusiwa. Sisi tunaoteremka Mbamba Bay kupanda meli za Ziwa Nyasa tuna haki ya kudai kila abiria aandikwe, na mtoto aliyebebwa mgongoni naye aandikwe. Asiyeandikwa akiwa hai, akizama hatafutwi na mtu ila ndugu zake, na ndugu hao hawana karatasi ya kuwatetea.

Kwa hiyo tuna ombi kwa familia za Bombambili, Lizaboni, Mfaranyaki, Matogoro na vijiji vya jirani. Kama katika ukoo wenu kulikuwa na askari wa Keya, yaani King's African Rifles, au mpiga mizinga aliyeondoka miaka ile ya vita asirudi, fungueni masanduku. Tazameni barua, nishani, na karatasi za malipo. Wazee waulizwe sasa, wakiwa bado na nguvu ya kusimulia. Tuandikieni jina lake, jina la baba yake, kijiji chake, na nani aliyesimulia. Kila jina tutalilinganisha na yale ya Nairobi, na litakalopatana nayo tutalichapisha pamoja na habari za kwao.