Gari Linalosema na Gari Lililonyamaza

Ikiwa lipo jambo linaloweza kuwagawanya wahadhiri mezani pa chai kwa ukali unaozidi ule wa siasa, basi jambo hilo ni gari. Juzi nilikosea. Nilitamka mbele ya wenzangu kwamba chama chetu cha akiba na mikopo kimeniidhinishia mkopo, na kwamba nakusudia kununua gari la familia lenye nguvu kidogo. Kabla sijamaliza kikombe changu, idara ilikuwa imegawika kambi mbili, ya Subaru na ya Wajerumani. Mwenzangu mmoja, mtu mpole ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti hata siku ya mgomo, alipiga meza na kuniambia kwamba anayenunua gari la Kijerumani la mtumba ananunua kesi. Wa kambi ya pili akamjibu kwamba Subaru ni gari la wavulana wasiotaka majirani walale.

Sikulitaja neno nguvu kwa majivuno. Mama yangu mzazi yuko Vihiga, na mimi ndiye nimpelekaye kliniki Kisumu kila baada ya miezi miwili. Yeyote aliyewahi kutoka kwenye mstari ili apite msururu wa malori karibu na Mau Summit, watoto watatu wakiwa nyuma na gari likisita, anajua kwamba nguvu ya injini ni sehemu ya usalama. Wala sina fedha za kukosea mara mbili. Mkopo huu nitaulipa kwa miezi arobaini na minane, na wadhamini wangu ni marafiki ambao ningependa tubaki marafiki.

Basi tuyapime magari yenyewe. Upande wa Japani nimechukua Subaru Levorg, gari lenye buti ndefu lililoanza kuuzwa huko mwaka 2014. Lile la injini ya lita 1.6 lina nguvu farasi 170. La lita 2 lina 300, na nguvu hizo huenda kwenye magurudumu yote manne. Upande wa Ujerumani nimechukua Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba ambayo, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, ina nguvu farasi 230 zinazokwenda kwenye magurudumu ya mbele. Buti ya Levorg humeza lita 522 za mizigo, ya Golf lita 380. Kwa mtu arudiye kutoka Vihiga na ndizi, kuku na gunia la mahindi, tofauti hiyo si ndogo.

Nimeyaendesha yote mawili, na sitamficha msomaji: Golf ni gari tamu zaidi kuliendesha. Ukikata kona halipepesuki, na katika barabara kuu hutulia kiasi cha abiria kusinzia. Subaru nayo hushika matope kama mjusi ukutani. Silinda zake zimelala pande mbili badala ya kusimama, hivyo uzito wa injini uko chini, karibu na barabara. Ila giaboksi yake, isiyo na gia za kuhesabika, hunguruma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, mfano wa mhadhiri asomaye maandishi yake ya miaka kumi iliyopita.

Hapa inafaa nimwondolee msomaji dhana moja. Golf ya mtumba iliyopangwa kwenye yadi za Ngong Road aghalabu haikutoka Ujerumani moja kwa moja. Wajerumani huendesha upande wa kulia wa barabara na usukani wao uko kushoto, ilhali sisi hutaka usukani wa kulia na gari lisilozidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo Mjerumani wetu mara nyingi ni Mjerumani aliyelelewa Japani. Redio yake huanzia megahezi 76 na kukoma kabla ya kuzifikia stesheni zetu nyingi. Ukiliwasha, sauti ya mwanamke hukuarifu kwa Kijapani, kwa adabu kubwa, kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Nairobi nzima husemeshwa hivyo kila asubuhi, na wachache mno hujua wameambiwa nini.

Wenzangu walipoishiwa na hoja walikimbilia Safari Rally. Kambi ya Wajerumani ikazitaja Volkswagen za kobe zilizoshinda mwaka 1954, 1957 na 1962, Mercedes zilizoshinda miaka mitatu mfululizo kuanzia 1959, na Audi ya Hannu Mikkola ya mwaka 1987. Kambi ya Subaru ikajibu kwa Colin McRae wa mwaka 1997, Richard Burns wa mwaka 2000, na juu ya yote Patrick Njiru wetu, ambaye katika miaka ya tisini aliwafanya watoto wa Nairobi waone kwamba nyuma ya usukani wa Subaru yaweza kuwako sura kama zao. Historia hii ni tamu, lakini hainisaidii. Magari yale yalifuatwa na mafundi waliojaa magari mengine, na baadhi yalifuatwa na helikopta. Langu halitafuatwa na helikopta. Litafuatwa na fundi mmoja wa Kawangware, naye hufuata kwa matatu namba 46.

Fundi huyu hufanya kazi chini ya turubai kando ya Naivasha Road. Nilimfikia mara ya kwanza miaka minne iliyopita, nikiwa nimekata tamaa. Nilikuwa na gari dogo la Ulaya ambalo jina lake naliacha, na siku moja lilikataa kuingia gia. Gereji moja kubwa, yenye vigae sakafuni na kahawa ya bure, ililichomeka kompyuta, ikanipa karatasi iliyojaa tarakimu, ikaniambia giaboksi nzima ibadilishwe kwa bei iliyokaribia nusu ya thamani ya gari. Nilipouliza kilichoharibika ni nini hasa, nilionyeshwa tarakimu zile zile.

Fundi wa Kawangware alilisikiliza gari lile kwa muda, kichwa kikiwa kimeinama, kisha akafuta mikono.

"Daktari," akaniambia, "Subaru ikiugua husema. Hukohoa, hula oili, huchemsha, hutoa moshi. Mimi nasikia. Hili lako limenyamaza. Halisemi na mtu, lasema na kompyuta tu."

Nimefundisha isimu miaka mingi, na sijui kama nimewahi kusikia tofauti ya aina mbili za magari ikielezwa kwa ufasaha kuliko huo. Hakunitoza chochote. Alinipa jina la kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akaniambia niende Kibera.

Jina la Kibera, kwa wasiojua, lilitokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, lililoletwa na askari Wanubi waliopewa ardhi pale zama za ukoloni. Kijana niliyeelekezwa kwake alikuwa na kibanda karibu na Makina, kipana kiasi cha kutosha gari moja, nyaya zikining'inia ukutani kama mizizi. Alichomeka kompyuta yake ya mkononi iliyofungwa kwa utepe, akazisoma tarakimu zile zile nilizopewa na ile gereji, lakini yeye hakuishia hapo. Alifuata waya kutoka kwenye giaboksi hadi alipoukuta umeliwa na kutu. Saa tisa alasiri gari lilikuwa likitembea, na nilimlipa fedha chache kuliko nilizotoa kule kwenye vigae kwa kupimiwa tu. Nilipomwuliza alikojifunzia, alisema, "Kwa simu, mzee. Usiku, bando zikiwa rahisi." Programu aliyoitumia sikuuliza aliipata wapi, naye hakunieleza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika katika daftari maneno ya mafundi hawa. Injini imenoki. Gasketi imeungua. Shoki zimekufa. Gari linachemsha. Msomaji ataona kwamba gari kwao ni kiumbe kinachougua na kufa, na utambuzi wao wa maradhi ni wa masikio, pua na vidole. Lugha hii haikufundishwa darasani. Imejengwa kwa miongo mingi chini ya jua, kwa kufungua injini zilizoletwa bila kitabu, au zenye kitabu cha Kijapani ambacho kilitumika kuwashia jiko. Subaru imefunguliwa Kawangware mara nyingi mno hata imekwisha kupata msamiati wake. Fundi wangu aweza kukueleza ni gasketi ipi huvuja kwanza, na kwa nini kubadilisha plagi zake ni kazi ya kumtesa mtu mwenye mikono minene. Hata jina lake si geni kama tudhanivyo. Subaru kwa Kijapani ni lile kundi la nyota ambalo Waswahili waliliita Kilimia, nyota zilizomwambia mkulima kwamba wakati wa kulima umewadia. Wajerumani wao, kwa upande wa magari, walitupa neno la maana, Wabenzi, nasi tukaliingiza katika ngeli ya watu bila kuwauliza.

Wengine watasema natetea ukale. Watasema Mjerumani hujenga kwa uaminifu, au Mjapani hujenga kwa nidhamu, na kwamba gari zuri halihitaji fundi wa turubai. Aaminiye hivyo na akumbuke Septemba 2015, ilipobainika kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari ya dizeli takriban milioni 11 programu iliyoyawezesha kujificha yakiwa kwenye mashine ya kupimia moshi. Ni gari lililofundishwa kusema uongo, na lilisema kwa ufasaha. Na akumbuke pia Oktoba 2017, Subaru ilipokiri kwamba ukaguzi wa mwisho wa magari viwandani mwake Japani ulikuwa ukifanywa na watu wasioidhinishwa. Sifa za mataifa ni habari za mezani pa chai.

Lililonisumbua zaidi ni jingine. Nilipompelekea fundi wangu picha za Levorg, nikitarajia kusifiwa, alikunja uso. Nyuma ya kioo cha mbele cha gari hili mna kamera mbili zinazotazama barabara na kulisimamisha gari dereva akisinzia. Ni jambo jema. Lakini jiwe la lori likikivunja kioo hicho, kioo kipya hakitoshi. Kamera sharti zipangwe upya kwa kompyuta. Giaboksi nayo si ya kufunguliwa chini ya turubai. "Hata hili limeanza kunyamaza," alisema. Basi nikaelewa kwamba mpaka tuliokuwa tukiugombania kazini haupiti kati ya Japani na Ujerumani. Unapita katikati ya kila kampuni, na kila mwaka husogea mbele kidogo kuelekea Naivasha Road. Siku utakapofika, fundi wangu atabaki na masikio yasiyo na cha kusikiliza.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2007 kanuni iliyowataka watengenezaji wa magari wawape mafundi wasio wao maarifa ya kuyatengeneza. Fundi wa Hamburg hadi leo analindwa na sheria ya namna hiyo. Kijana wa Kibera halindwi, ingawa gari ni lile lile na tundu la kuchomekea kompyuta ni lile lile. Serikali inayonitoza ushuru wa forodha wa asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya yote, haiwezi kushindwa kuwaambia mawakala wa kampuni hizi hapa nchini kwamba wanaotaka kuuza kwetu wawauzie mafundi wetu maarifa hayo kwa bei ya haki. Ikifanya hivyo, kijana yule ataacha kujifunza kwa kuiba usiku. Nasi wa vyuo vikuu tungeweza kuwaandikia kwa Kiswahili walichokijenga wenyewe. Daftari langu liko tayari.

Kwa sasa nimechagua Levorg ya lita 1.6, nikijua kwamba nimemwacha mwendeshaji mzuri zaidi na kumchukua mgonjwa anayeweza bado kujieleza. Ila siwezi kulilipia kabla fundi hajaliona. Jumamosi tulikwenda pamoja kwenye yadi moja ya Ngong Road. Fundi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Muuzaji alinikaribisha mimi, akanipa kiti, kisha akatazama kucha za mwenzangu na kuniuliza kama dereva wangu angependa kungoja nje. Nilimwambia kwamba huyu ndiye mnunuzi, mimi ni mlipaji tu.

Fundi hakusema neno. Alilizunguka gari mara moja, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kwa muda. Muuzaji aliwasha injini. Yule mwanamke wa Kijapani akatukumbusha habari ya kadi yake, na injini ikanguruma laini kabisa. Mimi nilifurahi. Fundi alinivuta kando.

"Ina joto, Daktari. Wameiwasha kabla hatujafika. Injini ikiwa moto haisemi ukweli."

Tutarudi Jumatatu saa moja asubuhi, kabla hawajaiwasha.