Hasira na Tiketi
Reli ilifika Mombo mwaka 1905, na treni ya abiria ya Dar es Salaam–Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya kimya cha miaka ishirini na ushee. Sisi wa Lushoto tumekwisha kuteremka kona zote za mlima hadi Mombo, kapu la peasi mapajani. Treni ikichelewa, tunamfokea mkata tiketi, kijana wa watu asiyeendesha hata baiskeli. Kazi bure. Ipige picha tiketi, andika namba ya behewa, saa ya ratiba na saa treni ilipoingia, umpelekee mwendeshaji, yaani shirika la reli, kwa maandishi. Akinyamaza, panda ngazi: LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Mimi huandika palepale stesheni, hasira ikiwa bado ya moto lakini saa naikumbuka vizuri.